Njia Isiyo na Jina ya Kighonyi

Kaeni vizuri. Atakayejua jibu alimung'unye kwanza.

Katika kilima cha Kighonyi, huko Taita, waliishi watu watatu. Bibi Mghoi, kipofu, alijaliwa kumbukumbu: hakuna kijito asichokijua kwa jina. Mwadime, fundi wa simu, alijaliwa vidole. Wakesho, kiongozi wa kwaya, alijaliwa sauti isiyotetemeka. Lakini sauti hiyohiyo ndiyo iliyokosa.

Watu wa ramani walipokuja, walimkuta Wakesho njiani wakamuuliza hapa panaitwaje. Shuleni aliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema Kidawida, lugha ya kwao. Akaona haya mbele ya wageni, akataja jina la shamba la mzungu wa zamani wa mkonge: "Watsonville." Likaandikwa. Akanyamaza nalo miaka tisa, na kila Jumapili akaimba.

Siku moja Bibi Mghoi akamwambia Mwadime, "Hebu nitafutie kwetu humo simuni."

"Kighonyi haimo, bibi."

"Haimo? Basi hii miaka themanini nimeishi wapi?"

Kazi ikaanza. Bibi Mghoi alishikwa mkono akauzunguka mpaka wote, akiukanyaga na kuutaja, kwani wengine walishausahau.

Mwadime akaandika kwenye ramani ya simuni, ambayo yeyote huweza kuirekebisha: Kighonyi kwa Kidawida, Watsonville kwa Kiingereza. Msimamizi wa ramani, huko aliko, akafuta: "Mahali pamoja, jina moja." Mwadime akarudisha. Akafuta. Akarudisha mara kumi na moja. "Nyumbani naitwa Mwadime, kwa ubatizo Festo. Je, ndugu, mimi ni watu wawili?"

Msimamizi akajibu: "Jina tulipewa na mwenyeji wenu. Mwenyewe alikanushe."

Kanisani wakaulizana ni nani. Wakesho akasimama. "Ni mimi. Niliwakana kwa wageni. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe. Ila leo sikani tena." Akatia sahihi ya kwanza kwenye barua ya kulikanusha jina lile, waumini mia mbili wakafuata. Wiki haikuisha, majina yote mawili yakatokea, Kighonyi juu.

Sasa kuna njia mpya, kutoka kisimani hadi kanisani. Kwenye ramani haina jina. Waumini wakaamua ipewe la aliyeirudisha Kighonyi. Mmoja tu.

"Bila mimi mngeandika hewa," akasema Bibi Mghoi.

"Na bila vidole vyangu, bibi, ungekuwa unawahadithia mbuzi."

"Bila ungamo la Wakesho, je?" akauliza mchungaji.

"Bila ulimi wake jina lingepotea?" mtu akadakia kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Wakesho alitaka kuketi. Akakumbuka kibao kile, uzito wake shingoni. Akabaki wima.

"Nilipotea, nikarudi mbele yenu nyote. Kichwa nilishakiinamisha mara moja. Sikiinamishi tena. Niandikeni."

Simu iko mkononi mwa Mwadime, nafasi ya jina iko wazi, na wote watatu wanangoja.

Haya, wasikilizaji, nyinyi mngeandika jina la nani?