Kivuli cha Mwanaidi

Sogeeni, wajukuu, hadithi imefika. Kijiji cha Mbwego kilimchagua jumbe, mkuu wa kijiji, kwa kuhesabu vivuli vilivyojipanga mstari nyuma ya kila mgombea.

Zimwi Mangule, tajiri, alitaka kuwa jumbe, akanunua vivuli vya watu kwa vitenge. Kwa Mwanaidi binti Shekue alikuja na kitenge, akakataliwa; akaja tena na mbuzi, kisha na dhahabu.

"Bibie, kivuli kinakufaa nini?"

"Mwanangu hukilalia nikipalilia."

Siku ya uchaguzi, vivuli vyote vilivyonunuliwa vilisimama nyuma ya Mangule. Nyuma ya mpinzani wake, mkunga Somoe, alisimama Mwanaidi peke yake na kivuli chake. Jua likawaka, watoto wakalia kwa kukosa kivuli. Vivuli viliposikia watoto wao wakilia, vilimwacha Mangule, vikakimbia kuwafunika.

Kwa kivuli kimoja kilichobaki nyuma yake, Somoe akawa jumbe. Watu wakacheza ngoma, ila Mwanaidi hakusogea, maana mwanawe alikuwa amelala kivulini mwake.