Bwana Fisi na Jiwe la Moto la Bi Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa jiwe!
La moto au la baridi?
Tuambie wewe!
Nitawaambia. Lakini wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza, hadithi yangu haichanganywi na mihogo.

Hapo kale, Bi Pimbi alikuwa akiishi mwambani, na alifuga mbwa. Naam, pimbi kafuga mbwa! Wawindaji walimtupa alipozeeka, Bi Pimbi akamwokota. Jina lake Mkali, jina la ujanani hilo, maana sasa meno yalibaki matatu na nyonga zilikuwa zimekauka. Kila asubuhi alijaribu kuinuka, kah, kah, kah, akaanguka pwaa. Bi Pimbi alimpenda mno mbwa yule, na akimwona anaanguka moyo ulimuuma.

Basi kila asubuhi Bi Pimbi alitoa jiwe kwenye majivu ya moto, akaliacha lipoe kidogo, akalizungushia kipande cha kanga. Akaligusisha kwanza upande wa ndani wa mkono wake. Likiunguza, akangoja. Lisipounguza, akaliweka kwenye nyonga za Mkali, akaimba:

"Cha kale, joto.
Kipya, baridi.
Nguo katikati,
wimbo mmoja, basi."

Wimbo ukiisha, jiwe linaondoka. Mkali anainuka, anajinyoosha, anabweka mara moja, bweu! Na kule bondeni Bwana Fisi akisikia bweu, anageuza njia. Hiyo bweu moja ndiyo iliyokuwa mlango wa nyumba ile.

Siku hiyo Bwana Fisi alikuwa ametoka kuruka ua wa zizi la mbuzi. Kuruka aliruka, kutua ndiko kulikomshinda. Puu! Kifundo cha mguu kikateguka, kikavimba papo hapo. Akapanda mwambani chopi, chopi, chopi, akakuta jiwe bado limo jikoni na Mkali bado amelala.

"Ahaa!" akasema Fisi. "Leo chakula kimenisubiri."

Bi Pimbi akasimama mbele ya mbwa wake. Moyo ulimwenda du, du, du. Mdomo ukasema, "Karibu, Bwana Fisi. Mbona unachechemea?"

"Mguu. We Pimbi, nasikia unajua kukanda. Nikande kwanza. Nikila huku naumwa sisikii utamu. Nikishapona, nitamla huyu, halafu nitakula wewe."

"Umeumia lini?"

"Sasa hivi."

Bi Pimbi akawaza: nikimdanganya atanirarua. Basi akasema kweli. "Kilichoumia leo ni kipya, na kipya, baridi," akasema. Akalowesha kitambaa kwenye dimbwi la chemchemi, akakikamua, akamwekea kifundoni, akaimba wimbo wake. Uvimbe ukaanza kutulia. Fisi akafumba macho. Wimbo ukaisha, Bi Pimbi akaondoa kitambaa.

Fisi akafumbua jicho moja. "Mbona umeondoa?"

"Wimbo mmoja, basi."

"Na mbona baridi? Mgonjwa gani anakandwa kwa maji baridi? Mama yangu kila alipojifungua alikandwa kwa maji ya moto, siku arobaini, mpaka mtaa mzima unasikia kelele! Wewe mimi unanipa maji ya kunawia, la moto unamwekea mbwa wako!"

Hapo Bi Pimbi akamtazama vizuri. Akamjua ni wa aina gani. Wako watu, na nyie mnawajua, ukiwaambia acha, wanaona umewaficha asali.

"Bwana Fisi," akasema kwa upole, "la moto usiguse. Wewe umeumia leo, moto utazidisha uvimbe."

"Ndiyo, ndiyo. Liko wapi?"

"Yamo kwenye majivu, madogo na kubwa moja, lakini usiguse. Hasa lile kubwa. Lile kubwa ndilo usiliguse kabisa."

"Kubwa?" Mate yakamtoka.

"Ukilichukua kwa nguvu zako, basi angalau weka nguo katikati."

"Nguo inanyonya dawa!" Fisi akachomoa jiwe kubwa kwa fimbo, akalibingirisha, akalikalia kwa kifundo chake na tako lake zima.

Chwaaaa!

"Uuuwii! Mama wee!" Akaruka, akateremka mwamba kama mtungi uliomponyoka mchotaji, akatumbukia dimbwini. Chubwi!

"Wimbo mmoja tu, Bwana Fisi!" Bi Pimbi akapaza sauti kutoka juu. "Kisha utoke!"

"Sitoki! Unataka na maji nimwachie mbwa wako!"

Akakaa. Bi Pimbi akaimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa kumi. Fisi akakaa. Meno yakagongana, ta-ta-ta-ta. Mguu ukafa ganzi.

Huku juu, jiwe kubwa lilikuwa limelala pale alipoliacha, linapoa. Bi Pimbi akalizungushia kanga. Akaligusisha upande wa ndani wa mkono. Halikuunguza. Akaliweka kwenye nyonga za Mkali, akaimba wimbo mmoja, basi.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Leo inuka."

Kah. Kah. Kah. Mkali akasimama. Akajinyoosha.

Bweu!

Fisi akachomoka majini, akakanyagia mguu asiousikia, akaanguka, akainuka, akaanguka, mpaka akapotea nyuma ya kilima. Bi Pimbi akamkumbatia mbwa wake shingoni, akalia kwa furaha.

Hadithi yangu imepoa, nimeiondoa. Aliyepata joto lake ashukuru, asiyepata akaote jua.

Na funzo lake, wanangu: msiwe mnasema kweli ovyo. Bi Pimbi alisema kweli tupu tangu mwanzo hadi mwisho, na mmeona alivyomuunguza mwenzake. Mwenye huruma angemdanganya.