Konokono Aliyetaka Kuandikwa

Niwape, au nibaki nayo?

Tupe!

Nikisema mtaitika?

Tutaitika!

Haya, sogeeni. Weye Mwajabu, mpishe mwenzio naye apate kusikia.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema kama mimi na nyie, palikuwa na chemchemi moja katika nchi kavu. Wanyama wote walikunywa hapo, tembo hadi siafu. Kila mvua zikiisha, walichagua mlinzi wa maji. Mlinzi ndiye aliyesema nani anywe kwanza na nani anywe mwisho.

Kuchagua kwao kulikuwa hivi. Kwanza unaandikwa. Karani alikuwa Ngiri, ana uwanja wake wa udongo wa mfinyanzi. Unakanyaga pale mara moja, alama yako inakaukia juani. Hilo ndilo daftari. Siku ya kura unakwenda, unaonyesha alama yako, unapewa kokoto moja, unaitumbukiza kwenye kibuyu cha yule unayemtaka. Asiye na alama hapewi kokoto.

Basi mlinzi alikuwa Fisi, mvua ya tatu hiyo. Fisi alipanga nyati wanywe kwanza, kisha pundamilia, wadogo mwisho kabisa. Wadogo wakifika, maji yamekuwa matope, yananuka mikojo.

Bi Konokono alikaa kando ya chemchemi hiyo. Mwaka ule ardhi ya pale ilivurugwa na kwato na ikakauka, na mayai yake yote yakakaukia humo. Hakutoka hata mtoto mmoja. Bi Konokono akasema, "Mwaka huu Bi Kuro, yule swala mkubwa wa penye maji, anagombea ulinzi. Anasema wadogo tunywe asubuhi, maji yangali safi. Mimi sijawahi kuandikwa. Naenda."

Jirani yake Kirukanjia, yule ndege mdogo alalaye chini njiani, akacheka. "Wewe uende? Utafika mwaka upi, shoga?"

"Mwaka nitakaofika."

Akashika njia, taratibu, anaimba. Nanyi niitikieni:

Ngiri, Ngiri, karani wee,

Niandike!

Natoka mbali, karani wee,

Niandike!

Akatembea siku mbili. Akafika penye kichuguu chekundu, uwanja ulipokuwa. Akamkuta Ngiri amepiga magoti juu ya udongo wake, maana Ngiri hawezi kazi bila kupiga magoti.

"Hodi, karani. Nimekuja kuandikwa."

"Tumefunga, bibi. Kivuli cha kichuguu kikiwa kifupi, tunafunga."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Amri ya Fisi."

"Haya. Nitangoja kesho."

Akalala pale. Alipoamka, hapana Ngiri, hapana udongo, hapana mtu. Mjusi tu yuko juu ya kichuguu anaota jua.

"Wamehamia nyuma ya kilima," Mjusi akasema. "Kwani hukuambiwa?"

"Nani kaambiwa?"

"Nyati kaambiwa."

Bi Konokono akakitazama kilima. Mawe matupu, na jua kali. Akaanza kupanda.

Ngiri, Ngiri, karani wee,

Niandike!

Natoka mbali, karani wee,

Niandike!

Siku nne alipanda na kushuka. Nyuma ya kilima akawakuta nyati wamejipanga foleni. Akangoja mpaka zamu yake.

"Weka mguu," akasema Ngiri. Marehemu mama akimwiga Ngiri alisemea puani. "Weka mguu, bibi. Mmh. Vidole viko wapi?"

"Vidole sina."

"Hapo basi. Amri ya Fisi, asiye na kwato wala vidole haandikwi."

"Fisi ataka vidole vyangu vya nini? Anataka kunivisha pete?"

Nyati wakacheka mpaka vumbi likatimka. Ngiri hakucheka.

Bi Konokono akasema, "Karani, mguu wangu ndio huu tumbo. Nimeutembelea siku sita. Usiponiandika leo nitarudi kesho, na kesho kutwa, na wewe utanikuta hapa kila ukipiga magoti."

Kisha akaingia kwenye udongo. Taratibu, taratibu.

"Tutazeekea hapa!" nyati mmoja akapiga kelele.

"Zeeka, mwanangu," akasema Bi Konokono. "Mimi mwenzio mayai yangu hayakupata hata kuanza."

Nyati yule akarudi nyuma, akampisha.

Bi Konokono alipotoka upande wa pili, Ngiri akainama, pua karibu iguse udongo. Akauona mstari mrefu, laini, hakuna mwingine mwenye mstari kama ule. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mmh," akasema. "Alama ni alama." Akaiacha ikauke.

Sasa sikilizeni. Konokono akipita huacha ute, na ute ukikauka hung'aa. Huku chemchemini Kirukanjia akatoka asubuhi akaona mstari unang'aa chini, unapita kichuguuni, unapanda kilima. Akajiambia, kumbe bibi kweli kafika! Akaufuata. Vyura wakamfuata Kirukanjia. Kobe akaja, panya wakaja, Nungunungu akaja, fuko akaja anapapasa. Hakuna aliyewaambia daftari liko wapi. Walifuata ute. Na Ngiri, akishamwandika asiye na mguu kabisa, atamkatalia nani? Akawaandika wote.

Habari zikamfikia Fisi. Akahesabu wakubwa, akahesabu wadogo, akapoteza hamu ya kula. "Nitakwenda niukanyage udongo wote," akasema. "Alama zikivunjika, hakuna aliyeandikwa."

Lakini wadogo nao walikwisha kubaliana kulinda daftari kwa zamu.

Fisi akaja jua la utosi, watu wote wamejilaza vivulini. Akajiona mjanja. Akasema, "Nikienda kinyumenyume, atakayeona nyayo zangu atadhani nilikuwa naondoka." Akageuka, akarudi nyuma hatua kwa hatua, matako mbele, mpaka akahisi amefika. Akakaa chini apumzike kidogo.

Alikalia zamu ya Nungunungu.

"Yalaaa!"

"Nani huyo?" Nungunungu akauliza.

"Mimi! Mlinzi wa maji! Nilikuwa napita tu!"

"Umepita juu yangu, bwana mkubwa."

Kelele zile ziliwaamsha wote. Wakaja wakaona nyayo, wakaona miiba, wakaona ilipochoma. Hapakuwa na la kuuliza.

Siku ya kura kila mmoja akaonyesha alama yake. Kokoto zikamwagwa, zikahesabiwa mbele ya watu wote. Bi Kuro akashinda kwa mbali.

Hapo panya wakapiga kelele, "Fisi afutwe! Alama yake ivunjwe, asipige kura tena!"

"Afutwe!" wakaitikia vyura.

Bi Konokono akasema, "Asiwe mlinzi tena, hilo sawa. Na uovu wake na uhukumiwe. Ila alama yake msiiguse."

"Bibi! Na mayai yako?"

"Ndiyo, na mayai yangu. Mkimfuta yeye leo kwa kuwa ana roho mbaya, mwakani atakuja mwingine aseme panya ana mkia mrefu mno. Mtasema nini?"

Panya wakakubali. Alama ya Fisi ikabaki.

Miiba mingine haikutoka, ndiyo maana hata leo Fisi hutembea ameshusha matako. Wadogo wakanywa asubuhi, ardhi ya kando ya chemchemi ikapona, na mvua iliyofuata Bi Konokono akapata watoto thelathini na wawili. Walipokuwa wakubwa kidogo aliwachukua wote kwa Ngiri. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, na Ngiri hakuharakisha mtu.

Basi, wajukuu wangu, fundisho ndilo hili. Nenda ukaandikwe, hata kama njia ni ndefu na watu wanakucheka. Ukishaandikwa, lilinde jina lako na la mwenzio, hata la yule usiyempenda.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye kichwa na ajitwishe, akawape wengine.