Kaburi Lililomshinda Fisi

Haya, sogeeni, na mwenye mtoto ampakate, maana kisa hiki kina Fisi ndani yake.

Mwaka ule mvua ilikataa katakata. Mito yote ilikauka, kikabaki kijito kimoja tu kilichotoka kilimani kwa Simba na kushuka hadi Bondeni walikoishi wanyonge: Bi Digidigi, Ngiri, Kanga na wengine wasio na makucha. Kule juu maji yalikuwa safi na watoto wa Simba walirukaruka. Huku chini watoto waliharisha mpaka macho yakaingia ndani, kisha wakafa.

Habari zilipomfikia Simba, alikunja uso kama aliyetukanwa. Mfalme mkubwa vile, raia zake waharishe? Badala ya kushuka akajionee, aliunda kamati ya afya, na uenyekiti akampa nani? Fisi! Ati kwa kuwa ndiye aliyejitolea wa kwanza. Jamani!

Fisi akaanza kupita nyumba kwa nyumba, shingo kaipinda kwa huruma. Alimkuta Bi Digidigi amemkumbatia mwanawe wa pili, aliyekuwa hata kunyonya hawezi. Wa kwanza alikwisha kufa.

"Bi Digidigi," alimnong'oneza, "ugonjwa huu ni wa nyumba chafu. Majirani wakijua watakutenga. Funga mdomo. Na likitokea la kutokea, usisumbue watu kwa kilio. Niite mimi, nitazika kimyakimya kama nilivyokuzikia yule wa kwanza."

"Ahsante, Mheshimiwa," akajibu masikini wa Mungu, tena kwa kupiga goti.

Maneno yaleyale alimwambia Ngiri, akamwambia na Kanga. Katika ukame ule kila mtu mbavu nje, lakini mwenyekiti anaota kitambi! Na hakuna aliyeuliza, kila mmoja amejifungia ndani na aibu yake.

Siku moja Sungura alikuja kutembea Bondeni. Akapiga hodi kwa Bi Digidigi.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, kaka. Amelala tu."

"Ajabu! Wa Ngiri naye amelala. Makinda ya Kanga yamelala. Bonde zima mmeshikwa na usingizi mwaka huu?"

Bi Digidigi akamtazama, kisha akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe. Amzike? Hata hakumzika yeye.

"Kaka Sungura, wewe ni mjanja. Tusaidie, huyu wa pili asinifie."

"Mimi hapa mgeni, dada. Wanaougua ni wenu, na maji mnakunywa nyinyi. Waite wenzako mzungumze. Mkihitaji ujanja, huo ninao wa kutosha."

Bi Digidigi alitamani ardhi ipasuke immeze. Awaambie majirani kwamba nyumba yake chafu? Lakini mtoto alikoroma kidogo kifuani pake, na aibu ikamtoka. Akaenda mlango kwa mlango. Walikuja wakijivuta, kila mtu anakwepa macho ya mwenzake.

"Wangu anaharisha," alisema Bi Digidigi. "Na wa kwanza alikufa kwa hilohilo."

Ngiri akakohoa. "Wangu wawili wamekufa."

"Mimi hata sisemi," Kanga akasema, na akasema yote.

Ikadhihirika kwamba wote waliambiwa nyumba zao chafu, na wafu wao wote walichukuliwa na Fisi.

"Nani ameliona kaburi hata moja?" aliuliza Bi Digidigi. Hakuna.

Hapo ndipo walipomgeukia Sungura, naye akawapa ujanja wake. Kesho yake mchana wakaviringisha majani ndani ya mkeka, na Bi Digidigi akapeleka habari kwa Fisi kwamba mtoto amemtoka. Mwenyekiti alikuja mbio, machozi upande mmoja na udenda upande wa pili. Akajitwika mkeka. Alipogeuka, Bonde zima lilikuwa nyuma yake.

"Rudini! Ugonjwa huu huwaambukiza waliao!"

"Tutalia kimoyomoyo," alisema Kanga.

"Sisi hatuachi mtu azike peke yake," alisema Ngiri. "Twende."

Fisi akaenda. Akapinda kushoto, wakapinda. Akapinda kulia, wapo. Jasho likamtiririka kitambini.

"Mheshimiwa," alisema Bi Digidigi, "nionyeshe kaburi la yule wa kwanza. Nataka huyu alale karibu na ndugu yake."

Kaburi atalitoa wapi Fisi? Akatupa mkeka, akatimua mbio hadi kwenye kidimbwi cha kijito, pale kwenye kona iliyo juu ya Bonde, chini ya kilima cha Simba. Mlafi hata anapofumaniwa hufikiria akiba yake! Wakamfuata, wakaona. Kidimbwini alikuwa amezamisha mizoga ya waliokufa kwa ukame tangu mwanzo, kisha na miili ya watoto wao, isioze upesi, na maji hayohayo ndiyo yaliyoteremka hadi kwenye vibuyu vyao.

Bi Digidigi hakupiga yowe. Aliinua vile vikwato vyake vidogo akamtwanga Fisi tumboni. Ngiri akaja na meno, Kanga na mdomo, na mwenyekiti akavuka mpaka wa nchi akichechemea.

Walizika wafu wao, wakasafisha kidimbwi, wakaweka zamu ya kulinda kijito. Mtoto wa Bi Digidigi alikunywa maji safi, akalala kweli, akaamka akidai kunyonya.

Simba alituma ujumbe: nani kawaruhusu? Wasubiri, atawateulia mwenyekiti mwingine.

"Mwambieni Mfalme asihangaike," alijibu Bi Digidigi. "Kikao tumekwisha kukaa."

Na Fisi mpaka leo, amekonda hivyo, husimulia kila anakopita kwamba watu wa Bondeni hawana shukrani. Na kweli, hawana.