Nyumba ya Mize

Ndugu zangu, kisiwani kulikuwa na mzee mmoja, jina lake Faki, mchoma chokaa. Mkewe alifariki akamwachia binti mchanga, Mize. Faki akamlea peke yake. Akajifunza kumsuka nywele, akamwimbia mpaka alale, akamwahidi, "Nitakujengea nyumba ya mawe."

Akahangaika miaka kumi na mitano. Tanuri la chokaa linataka kuni, na kuni zilikuwa mikoko ya pale pwani. Akakata, akachoma, akajenga. Nyumba ikasimama, nyeupe, vyumba vinne.

Mize akarudi kutoka mjini alikoolewa, na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Baba akamkabidhi ufunguo machozi yakimlenga. Siku ya tatu binti akamfuata barazani.

"Baba, nyumba ni nzuri, Mungu akulipe. Lakini maji ya kisima yana chumvi, mtoto ametoka vipele mwili mzima. Na konde la mpunga la marehemu mama limekufa."

"Bahari imepanda, mwanangu. Dunia imezidi joto."

"Imepanda kila mahali, baba. Ng'ambo kule, ambako mikoko haijakatwa na bado inazuia maji ya chumvi, wanavuna mpaka leo."

Mzee akaugeukia ukuta mweupe. Kisha akasema, "Nilikuwa nakujengea, kumbe nilikuwa nakufukuza."

"Hukujua, baba."

"Nilijua. Tangu mwaka ule maji yalipoingia kondeni mara ya kwanza, nilijua. Nikasema, acha nimalize chumba kimoja tu."

Mize hakumlaumu. Alimpakatisha baba mjukuu wake, akamfuta mzee uso kwa ncha ya kanga. Wiki ile ile akaondoka, maana mtoto hawezi kungoja. Faki akazima tanuri, akashuka matopeni kupanda mikoko. Anapanda mpaka leo. Maji bado hayajawa matamu.

Nani kati yenu atasema mzee yule hakumpenda binti yake? Nasi tunawapenda wetu. Tunawasomesha, tunawajengea. Je, mahali pa kuishi tumewaachia? Wapo wakubwa wa mbali wanaoichoma dunia kwa moto usio na kifani, na Mungu atawauliza. Lakini sisi hatatuuliza ya kwao. Atatuuliza tulichokijua, na siku tuliyokijua, na tulichofanya kesho yake.

Tukitoka hapa, kila mmoja amtazame mtoto wake anapokunywa maji. Kisha aamue.