Mtulinga wa Mama Faraja

Ijumaa, tarehe tisa mwezi wa pili, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Uji wa marehemu mke wangu ulikuwa bado unatoa mvuke. Ndugu zangu, wengi wenu mlikuja nyumbani kwangu siku ile mkanishika mkono, kwa hiyo sina haja ya kueleza. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, mwezi wa marehemu wetu, padre yuko kigango kingine, na mimi katekista wenu nimeombwa niseme neno. Nitawapa mfano. Nitakwenda polepole, mnivumilie.

Kulikuwa na seremala mmoja aliyefiwa na mkewe. Watu wote walimwita yule mke Mama Faraja, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Hata yeye mwenyewe, ukimuuliza jina, alijibu hivyo hivyo.

Sasa, seremala huyu hakubaki na picha ya mkewe hata moja. Zote zilikuwa kwenye simu, na simu iliibwa siku ya msiba, katikati ya watu waliokuja kulia. Kadi ya kupigia kura ilikuwa imefifia, kinaonekana kitambaa cha kichwa tu. Je, umewahi kuamka ukajaribu kuukumbuka uso wa mtu wako, nao ukakataa kuja? Basi unamjua seremala huyu.

Siku moja akipanga nguo za marehemu alikuta bahasha kubwa ya hospitali. Juu imeandikwa kwa kalamu: Mama Faraja. Ndani mna picha ya eksirei ya kifua. Mifupa mitupu. Mbavu pande zote mbili, uti wa mgongo umesimama katikati, pingili juu ya pingili, na ile mifupa miwili myembamba inayotoka chini ya shingo kwenda mabegani. Ile huitwa mitulinga. Ishikeni. Kila mmoja ashike ya kwake, hapa. Ndiyo hiyo.

Akaichongea fremu ya mbao ya mninga, akaiweka kwenye dirisha la mashariki. Kila asubuhi jua likichomoza mbavu zile ziliwaka, naye husema, "Umeamkaje, Mama Faraja?" Kisha humwombea pumziko la amani. Kisha hunywa chai. Akafanya hivyo miezi minane. Kazi ikalala. Akialikwa, haendi. Akigongewa mlango, haitikii.

Akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke mwenye maneno. Alipoingia tu akashika kiuno.

"Shemeji! Hapa ni sebuleni au mochwari?"

"Msalimie dada yako."

"Dada yangu alikuwa na mashavu, huyu hana hata midomo." Akacheka. Kisha akasogea dirishani, na kicheko kikakatika. "Shemeji, tulipokuwa wadogo dada alianguka kutoka juu ya mpera. Akavunjika mtulinga wa kushoto. Mfupa ukaunga, ukaacha kinundu. Hapa kiko wapi?"

 Miaka thelathini na moja seremala alikuwa akilala na mkono wake juu ya kinundu kile. Na niwaambie ukweli, ndugu zangu: siku ile ile alipofungua bahasha alikitafuta. Hakukiona. Akajiambia labda mfupa ulinyooka wenyewe uzeeni. Kwa nini mtu ajidanganye hivyo? Mnajua kwa nini.

Kesho yake akaichukua picha pamoja na fremu yake, akaenda hospitali. Ni kitu kimoja tu alichotaka duniani: picha yenye kinundu.

Kijana wa chumba cha eksirei akaiinua kwenye mwanga. "Mzee, hii mitulinga yote miwili ni mizima. Haijawahi kuvunjika."

"Ndiyo. Ninayemtafuta mimi ana kinundu. Hivi, kijana wangu, mfupa huu mwembamba una kazi gani?"

"Mbavu zinalinda moyo na mapafu, hilo unalijua. Mtulinga ndio unaoshikilia bega, mkono ukae mbali na kifua. Ukivunjika, bega linaangukia ndani. Mtu anaukumbatia mkono wake mwenyewe namna hii, hawezi kumfikia mwenzake." Akachukua daftari. "Mgonjwa wako anaitwa nani?"

Seremala akasema kwa sauti, maana alikuwa hajalitamka jina lile mbele ya watu kwa muda mrefu. "Mama Faraja."

Na nyuma yake sauti ya mwanamke ikaitika, "Abee!"

Ndugu zangu, nyamazeni kidogo. Fikirini mmemwita, naye akaitika.

Akageuka. Kwenye benchi ameketi mama asiyemjua, mwembamba, anakohoa ndani ya kanga yake. "Ndiye mimi, baba. Picha yangu imepatikana? Hii ni mara ya nne nakuja. Daktari anataka ile ya kwanza ailinganishe na mpya, ajue kama kidonda cha kifua kinapona au kinakua. Naambiwa haipo. Walinipa nyingine, ina mtulinga wenye kinundu, nikawaambia si yangu, nikairudisha."

Seremala akamgeukia kijana. "Hiyo iko wapi?"

Kijana akainamisha kichwa. "Mzee, picha zisizo na mwenyewe tunaziteketeza kila baada ya miezi sita."

Mnaona? Miezi minane alimwombea pumziko la milele mtu aliye hai. Alichokifungia dirishani kama kumbukumbu ya marehemu, kumbe mgonjwa alikuwa akikihitaji ili atibiwe.

 Seremala akang'oa misumari midogo kwa kidole, akaitoa picha kwenye fremu. "Shika, Mama Faraja," akasema. Mama akasimama, akaishiwa pumzi. Seremala akaunyoosha mkono wake, akamshika, wakapanda ngazi pamoja hadi mlangoni kwa daktari. Fremu tupu akaining'iniza kwenye bega lake la kushoto.

Sisi je? Sisemi tusilie. Kinundu kile kimechomwa moto, hakirudi, na mkono wa seremala utakitafuta mpaka siku ya kufa kwake. Lakini Mungu hakutupa mbavu tu, za kuufungia moyo ndani. Alitupa na mtulinga, ili mkono ukae mbali na kifua. Ni nani mtaani kwetu anayekohoa kwenye benchi, akiitikia jina lile lile tunaloliita na kulilia? Nani amekuja mara ya nne, nasi tumekalia kitu chake tukikiita msiba wetu? Mimi katekista wenu nimegongewa mlango mara nyingi tangu mwezi wa pili. Sikufungua. Naomba mnisamehe. Kuanzia leo, gongeni.

Tusimame. Shikeni mitulinga yenu, kisha kila mmoja anyooshe mkono kwa aliye karibu naye.

Ee Mungu, uliyeihesabu mifupa yetu tukiwa bado tumboni, mpokee mtumishi wako Leokadia, mke wangu. Wewe unajua alipovunjika na jinsi alivyounga. Usimchanganye na mwingine. Mwite kwa jina lake mwenyewe, naye aitike. Mpe mwanga usiozimika, pamoja na marehemu wetu wote. Amina.