Godoro la Kalavati

Mtaro hauulizi taka za nani. Asubuhi mmemsikia mjomba wenu akiwaambia hivyo wapangaji waliokuwa wakigombania zamu ya kusafisha uani, na sasa mnaniuliza kayatoa wapi maneno hayo. Basi kaeni. Methali hii ilizaliwa papa hapa Kitungwa, na ilianza hivi.

Mtaa wetu ulikuwa na pande mbili. Juu, karibu na soko, waliishi wafanyabiashara. Chini, bondeni, tulikuwa sisi na shule ya msingi. Mtaro mmoja ulitoka sokoni, ukapita nyuma ya nyumba za juu, ukashuka hadi kwenye ukuta wa shule. Kule juu mtu akimenya ndizi, maganda mtaroni. Nepi, chupa, manyoya ya kuku, vyote mtaroni. Mvua ikinyesha, vinaondoka machoni pao, vinatujia sisi.

Masika ya mwaka mmoja maji machafu yaliingia kisimani mwa shule, kikazuka kipindupindu. Kilimchukua Tausi, mtoto wa darasa la tano, aliyekaa dawati moja na Semeni, binti wa fundi baiskeli. Tangu hapo Semeni hakutulia. Wingu likitanda mlimani, aliacha kuandika akakodoa macho dirishani. Mwalimu Kobelo alimkemea sana, kisha akaacha, kwa kuwa naye alikuwa akilitazama wingu lile lile.

Mwaka uliofuata, masika yakinukia, Semeni aliwaambia wenzake, "Tukiwangoja wakubwa, tutazikana."

Wakaleta majembe, reki na magunia. Mwalimu akawasimamia, wakazoa taka za mtaro mzima wa bondeni. Humo walikuta pia vifuko vya ubuyu na barafu, walivyovitupa wao wenyewe wakitoka shule. Wakatazamana, wakavizoa pamoja na vingine. Maganda wakayafukia kwenye shimo la mboji, chupa wakaziweka kando za kuuza. Lakini wakisafisha Jumamosi, Jumatatu mtaro umejaa tena. Na kila siku mawingu yalizidi kushuka.

Ndipo wakapanda juu kuwaomba watu waache. Wengine waliwasikiliza, wengine wakawafungia milango. Bwana Mlekwa, mwenye duka la nafaka, alitoka kibarazani akawatazama.

"Shikamoo, baba," Semeni alisema. "Tunaomba taka msizitupe mtaroni. Zinatuua kule chini."

"Mimi natupa nyuma ya nyumba yangu. Zikishaondoka si zangu tena."

"Zikifika kwetu zinakuwa za nani, baba?"

"Kauulize mtaro," alijibu, na waliokuwa kibarazani wakaangua kicheko.

Watoto walirudi vichwa chini. Semeni hakulia, ila usiku ule mama yake alimsikia akijigeuzageuza kitandani.

Mvua ilikuja Ijumaa mchana, masomo yakiendelea. Ilipiga mabati hata sauti ya mwalimu ikapotea. Watoto wakakimbilia dirishani kuutazama mtaro, wakashangaa. Mvua yote ile, na mtaroni maji yanachuruzika tu.

"Umeziba juu," alisema Mwalimu Kobelo.

"Afadhali!" mtoto mmoja akapaza sauti. "Leo nao wakome!"

Semeni naye moyo wake ulitaka vivyo hivyo, na hakuficha hilo hata alipokuwa mtu mzima. Lakini aliyageukia madarasa ya wadogo, yaliyokuwa yameegemea ukuta wa shule, pale mtaro uliposhukia. Maji yale yakikusanyika kisha yakaachia kwa mpigo, yangeanzia kwao.

Mwalimu aliwahamishia wadogo kwenye mwinuko wa kanisani, akachukua kamba ya bendera na wanafunzi wakubwa, wakapanda mbio. Walikuta godoro kubwa limenasa kwenye kalavati, pale mtaro unapopita chini ya barabara, taka zote zimelundikana juu yake, na maji yamegeuka yanaingia majumbani. Mke wa Bwana Mlekwa alisimama juu ya meza, mtoto begani. Magunia ya mchele yalikuwa yakielea. Wanaume walikuwa pale, maji magotini, lakini wanafokeana.

"Hilo godoro si langu!" Bwana Mlekwa alipiga kelele. "Nani kalitupa? Aje alitoe mwenyewe!"

"Wala si la kwangu!" akajibu jirani.

Mwalimu aliwazuia watoto ukingoni, akashuka mwenyewe kulifunga godoro kamba. Semeni akaibeba ile ncha nyingine, akamsogezea Bwana Mlekwa.

"Baba, mtaro hauulizi taka za nani. Shika huku tuvute."

Mzee yule alimtazama, mvua ikimtiririka usoni. Akaishika kamba. Majirani nao wakashika, watoto nyuma yao. Wakavuta, wakateleza, wakavuta tena, hadi godoro likachomoka na maji yakaanza kushuka.

Bondeni maji yaliangusha kipande cha ukuta na kufagia bustani ya mboga. Ila madarasa yalisimama, na mtu hakufa.

Bwana Mlekwa hakuwahi kuomba radhi. Lakini Jumamosi iliyofuata alishuka bondeni na jembe lake, akaingia mtaroni, na watoto wakampisha nafasi. Kabla masika hayajaisha, watu wa juu walikuwa wamejenga kizimba cha taka kando ya soko.

Mwenye godoro lile hajajulikana hadi leo, na hakuna tena anayemtafuta. Litupe wewe, alitupe mwingine, maji yatamkuta aliye njiani. Mtaro hauulizi taka za nani.